Nusa Kwanza

Karabai ilikaa miaka thelathini na mmoja
chini ya sakafu ya nyumba ya mama, kisiwani Lemuy,
imefungwa ndani ya gunia la viazi
kama mtu aliyekosa na asiyetajwa jina.
"Hiyo iache," mama alikuwa akisema.
"Hiyo ndiyo iliyomla Nolberto mikono."

Mama kafa mwezi Mei.
Juni dhoruba imeangusha nguzo za umeme,
siku ya nne leo, Chiloé nzima giza na mvua,
nami nimeitoa, nimeiweka mezani juu ya gazeti.

Shaba ilikuwa imeota kutu ya kijani.
Ngozi ya pampu ilikauka, ngumu kama ukucha;
nililala nayo imezama kwenye mafuta ya kondoo,
asubuhi ikalegea, ikakubali kuvuta pumzi.
Washa za mpira nilizikata upya.
Tundu la mvuke nililizibua kwa sindano nyembamba,
taratibu, maana likipanuka hata unywele
na moto hupanuka.
Soksi ya zamani ilibaki vumbi. Sikuipuliza:
vumbi lile si la kuvuta puani.
Nililizoa kwa kitambaa kibichi, nikakifunga, nikanawa.

Kisha nikalijaza tangi tupu upepo,
nikalizamisha kwenye karai, nikangoja mapovu.
Hamna.
Nikaligeuza. Nikakagua kila kiungo cha lehemu.
Hata tone la hewa, hamna.

Tangi zima.
Tangi lilikuwa zima siku zote.

Nilivuta kiti nikakaa.
Maana ikiwa tangi ni zima, kosa lilitoka kwenye dumu,
na dukani kwa Baudilio madumu yalikuwa mawili,
moja la mafuta ya taa, moja la petroli ya injini za boti,
rangi moja, kizibo kimoja,
na aliyetumwa jioni ile alikuwa na miaka tisa,
viatu vimejaa maji,
ana haraka arudi kabla mkate wa viazi haujapoa.
Sikunusa.
Nani aliyewahi kunifundisha kunusa?

Nolberto amekuja. Nilimwita mimi.
Mikono yake inang'aa kama ngozi ya kitunguu.
Nilimweleza yote akiwa bado anavua koti,
maji yakimchuruzika hadi sakafuni.
Hakusema kwamba alijua, wala kwamba hakujua.
Alilichukua dumu langu jipya, akalifungua,
akalipeleka puani, akanipa.
"Nusa."
Nikanusa. Harufu nzito, ya mafuta, ya jikoni kwa bibi.
"Tena."

Tuliipeleka nje, barazani, mbali na mapazia,
ndoo ya mchanga karibu na mguu.
Spiriti kidogo kwenye kikombe chake,
tukaiacha iungue hadi inakaribia kwisha;
ukiwa na pupa, mafuta hutoka mabichi
na ulimi wa manjano hurukia dari.
Nikapampu.
"Basi," akasema. "Na ukitaka kuongeza mafuta
zima, ipoe, utoe upepo, ndipo ufungue."
Yeye hakuigusa. Mikono ilikuwa mifukoni.

Soksi mpya ikawa nyeusi, ikajikunja,
ikawa nyeupe,
ikavuma kama sufuria inayotaka kuchemka.
Nikamwona vizuri, kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi:
unyusi wa kushoto haukuota tena.
Naye alikuwa akiniangalia mimi, siyo taa.

Tulipoiingiza ndani nilifunga dirisha, mvua ilikuwa kali.
Akalifungua, kiasi cha vidole viwili.
"Moto nao unapumua," akasema,
"tena unaanza na pumzi zako."
Mvua ikaingia, ikalowesha gazeti lililokuwa mezani.
Alitoa mkono mmoja mfukoni, akatafuta kisu,
tukamenya viazi.